Vipele kwa Watoto: Namna ya Kutambua Chanzo na Wakati wa Kumpeleka Mtoto Kituoni

Mtoto anapotokwa na vipele, macho ya mzazi huenda moja kwa moja kwenye ngozi, na mara nyingi safari ya kwanza huishia duka la dawa, ambako krimu hutolewa hata kabla mzazi hajaulizwa vipele vilianza lini. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe, Makete, Mbeya na Tukuyu, jambo hilo lina sababu zake: duka liko karibu, zahanati huenda iko ng'ambo ya bonde, na ni kweli kwamba vipele vingi hupona vyenyewe. Hata hivyo, krimu inayopakwa kabla ya chanzo kujulikana hubadilisha sura ya ugonjwa, na mtaalamu atakayemwona mtoto wiki 2 baadaye hupata kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na hali ya mtoto, unaendelea na historia ya vipele, na ndipo unapofika kwenye sura yake.

Mwangalie mtoto kabla ya ngozi

Mtoto mwenye vipele anapaswa kufikishwa kwenye kituo cha kutolea huduma bila kungoja asubuhi iwapo hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea kiasi cha kutoamka vizuri anapoitwa, shingo yake imekakamaa, au anapumua kwa shida. Ili kujua kama anapumua haraka kupita kawaida, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, zote ni dalili ya hatari. Sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani anapovuta pumzi, usiendelee kuhesabu, ondoka.

Dalili nyingine isiyosubiri ni madoa ya zambarau au mekundu-meusi yanayojitokeza ghafla kwa mtoto mwenye homa. Bonyeza juu ya doa kwa ubavu wa glasi inayopitisha mwanga. Vipele vya kawaida hufifia vinapobonyezwa, lakini doa lisilofifia ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na inaweza kuwa ishara ya bakteria walioingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo. Ugonjwa wa namna hiyo huweza kumwangusha mtoto ndani ya saa chache. Kwa familia iliyoko kijiji cha mbali cha Ludewa au Makete, ambako masika huharibu barabara na gari halipiti kila saa, uamuzi wa kuondoka unatakiwa kufanywa mapema kuliko unavyofanywa na mkazi wa mjini.

Uvimbe wa midomo, ulimi au kope unaotokea pamoja na mabaka yaliyovimba na yanayowasha, hasa baada ya kula kitu kipya, kung'atwa na nyuki au kumeza dawa, nao ni dharura, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Maswali yanayofungua njia

Ikiwa mtoto anacheza, ananyonya na hana dalili zilizotajwa, kuna muda wa kuuliza. Je, homa ilitangulia au vipele vilitangulia? Vilianzia wapi, na vilienea kuelekea wapi? Vinawasha, na kama vinawasha, ni saa ngapi zaidi? Kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Je, mtoto amepewa dawa yoyote, ya hospitali au ya kienyeji, ndani ya wiki chache zilizopita? Majibu ya maswali haya hutofautisha magonjwa kwa uhakika kuliko kutazama ngozi peke yake, kwa kuwa vipele vya aina nyingi hufanana.

Ipo pia tahadhari inayohusu ngozi yetu nyeusi. Vitabu na mabango mengi husema "wekundu", na mzazi asipouona wekundu hudhani hakuna tatizo. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Tumia mkono: pitisha viganja juu ya mgongo na tumbo la mtoto uone kama pana joto au mkwaruzo. Kisha angalia mahali palipo peupe kiasili, yaani viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na ndani ya mdomo. Fanya hivyo mlangoni au nje kwenye mwanga wa mchana, si kwa tochi ya simu.

Homa ilitangulia, vipele vikafuata

Hapa ugonjwa wa kufikiria kwanza ni surua. Mwendo wake una mpangilio unaotambulika: homa kali, kikohozi, mafua, na macho mekundu yanayotoa machozi na kuchukia mwanga, kisha baada ya siku 3 au 4 vipele vinajitokeza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, vinashuka shingoni, kifuani na tumboni, na hatimaye kufika mikononi na miguuni. Kabla vipele havijatoka, huweza kuonekana vidoa vidogo vyeupe ndani ya mashavu, karibu na meno ya nyuma. Vipele vinapoondoka, ngozi huacha weusi na kubanduka magamba laini.

Kinachoua katika surua kwa kawaida si vipele, ni yale yanayoambatana navyo: nimonia, kuharisha, vidonda vya mdomoni vinavyomzuia mtoto kula, masikio kutoa usaha, na uharibifu wa macho unaoweza kuleta upofu kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A. Ndiyo maana kila mtoto anayeshukiwa kuwa na surua anatakiwa kuonwa kituoni hata kama anaonekana anajimudu, na hupewa vitamini A kwa siku 2 mfululizo kwa kipimo kinacholingana na umri wake. Kumfungia ndani na kumsubiri "vitoke vyote" kunampotezea nafasi hiyo. Imani ya kwamba mtoto mwenye surua asiogeshwe haina msingi. Anaweza kuogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, na macho na mdomo vinapaswa kusafishwa kwa upole kila siku.

Surua huambukiza kwa hewa kuanzia siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada ya kutokea, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Kinga ipo, na ni chanjo ya surua-rubela inayotolewa katika miezi 9 na kurudiwa katika miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika sana, kwa kuwa mtoto akishatembea mama hupunguza kwenda kliniki. Chukua kadi ya kliniki sasa hivi uangalie kama miezi 18 imejazwa. Ikiwa nyumbani au jirani kuna mgonjwa wa surua na una mtoto aliyefikia umri wa chanjo lakini hajachanjwa, mpeleke haraka, kwani chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu alipokutana na mgonjwa bado inaweza kumkinga.

Rubela hufanana na surua iliyo nyepesi: homa ndogo, tezi zilizovimba nyuma ya shingo, na vipele vinavyoisha kwa takriban siku 3. Kwa mtoto si tatizo kubwa, lakini mama mjamzito akiambukizwa, hasa katika miezi 3 ya kwanza, mimba yake huweza kudhurika vibaya, kwa hiyo wajawazito wasikae karibu na mtoto huyo mpaka aonwe.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 kuna hali nyingine ambayo huwatia wazazi hofu bila sababu. Mtoto huwa na homa kali kwa siku 3 hadi 5, homa inakatika ghafla, na siku hiyohiyo vipele vidogo vinatokea kifuani na shingoni huku mtoto amechangamka. Hivyo ni vipele vya virusi na huondoka vyenyewe. Tofauti yake na surua ni kwamba katika surua homa hupanda vipele vinapotoka, na hapa homa hushuka.

Vipele visimzuie mtu kupima malaria. Familia za Mbeya mjini na Tukuyu husafiri mara kwa mara kwenda Kyela au bonde la Usangu, ambako mbu ni wengi kuliko milimani, na mtoto mwenye vipele vya virusi anaweza pia kuwa na vimelea vya malaria. Kipimo cha haraka hufanyika hata zahanati.

Malengelenge yenye maji

Tetekuwanga huanza na homa ndogo na uchovu, kisha vipele kifuani, mgongoni na usoni ambavyo hugeuka malengelenge yenye maji, hupasuka na kuweka magamba. Alama yake kuu ni mchanganyiko: ukitazama eneo dogo la mgongo utakuta kipele kipya, lengelenge na gamba kavu vyote kwa pamoja, kwa kuwa hutoka kwa mafungu. Mtoto huambukiza wengine tangu siku 1 au 2 kabla ya vipele mpaka malengelenge yote yakauke, na kwa muda huo asiende shule. Kata kucha zake ziwe fupi, mwogeshe maji ya uvuguvugu, na kwa homa mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isiyozidi mara 4 ndani ya saa 24. Aspirini isitolewe kwa mtoto kabisa, kwani ikikutana na tetekuwanga huweza kudhuru ubongo na ini. Ibuprofeni nayo ni bora iepukwe katika ugonjwa huu.

Mrudishe kituoni ikiwa homa inarudi baada ya kukatika, ikiwa ngozi inayozunguka lengelenge inavimba, inapata joto na kuuma, au ikiwa anakohoa na kupumua haraka. Mtoto mchanga, mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, na mtu mwenye kinga dhaifu waonwe mapema wakikutana na mgonjwa.

Malengelenge madogo yaliyojikita kwenye viganja, nyayo na ndani ya mdomo, yakiambatana na homa nyepesi, huwa ni ugonjwa mwingine wa virusi wa watoto wadogo unaopona kwa wiki 1 au zaidi kidogo, na shida yake kubwa ni mtoto kukataa kunywa kwa maumivu ya mdomo. Mpe uji uliopoa na maji kidogokidogo.

Tangu Machi 2025, Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa wa kwanza nchini wa Mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele, swali la kuitofautisha na tetekuwanga limekuwa la kweli. Vipele vya Mpox huwa vigumu zaidi na vya ndani zaidi, vilivyo sehemu moja huwa katika hatua moja, mara nyingi hufika viganjani na nyayoni, na tezi za shingo, kwapa au kinena huvimba. Tofauti hizo hazitoshi kumpa mzazi uhakika, lakini zinatosha kumfanya amtenge mtoto na kutoa taarifa. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Vinawasha, na usiku vinazidi

Katika familia inayolala watoto watatu kitanda kimoja chini ya blanketi moja, jambo la kawaida kabisa kwenye baridi ya Juni na Julai, upele husambaa haraka. Husababishwa na mdudu mdogo sana anayechimba chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Mtoto hujikuna mchana, lakini usiku akishapata joto la blanketi hujikuna mpaka analia.

Shika mkono wa mtoto, tanua vidole vyake na uvigeuzie dirishani. Kati ya vidole utaona vipele vidogo, na pengine kijistari chembamba cha milimita chache chenye nukta mwishoni, ambacho ndicho njia ya mdudu. Angalia pia vifundo vya mikono, kwapa, kiunoni mahali mkanda unapobana, matako na sehemu za siri. Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, upele hufika hata viganjani, nyayoni na kichwani, sehemu ambazo kwa wakubwa huwa salama. Ikiwa mama, dada na mtoto wote wanajikuna, huhitaji ushahidi mwingi zaidi.

Dawa zipo, na zinafanya kazi. Kinachoshindwa ni namna ya kuzitumia. Mara nyingi anapakwa mtoto anayejikuna zaidi, wengine wanaachwa, na baada ya wiki 2 wanamrudishia. Watu wote wanaolala nyumba hiyo wapakwe siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna. Losheni ya BBE (benzili benzoeti, dawa ya kuua wadudu wa upele) hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, na kwa watoto huchanganywa na maji kwanza kwa kiwango anachoelekeza mtoa huduma kulingana na umri, kwa sababu ikipakwa bila kupunguzwa huunguza ngozi laini. Krimu ya permetrini ya asilimia 5 huachwa usiku kucha, saa 8 hadi 14, na kurudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Vichanga wa chini ya miezi 2 wasipakwe chochote kabla ya kuonwa. Nguo na mashuka yaliyotumika siku za karibuni yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani na kupigwa pasi. Yasiyofulika kirahisi, kama blanketi zito, yafungwe kwenye mfuko wa nailoni kwa siku 3 au zaidi, kwani mdudu huyu hafiki mbali bila mwili wa binadamu.

Jambo ambalo mtoa dawa hulisahau mara nyingi ni kwamba kuwasha huendelea kwa wiki 2 hadi 4 hata baada ya wadudu wote kufa, kwa sababu mwili bado unapambana na mabaki yao. Mzazi asiyeambiwa hivyo hurudia dawa kila siku, ngozi inaungua, na huko kuungua nako kunawasha. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari na dawa ya kuulia wadudu wa shambani visipakwe kamwe kwenye ngozi ya mtoto, kwani hupenya mwilini na kumdhuru.

Vipele vinavyowasha vikiwa kwenye miguu na mikono tu, vimekaa vitatu au vinne kwa mstari, na baba na mama hawana kitu, ni vya kung'atwa na viroboto au kunguni. Chunguza kingo za godoro na nyufa za kitanda, na uangalie kama kuku au mbwa wanalala ndani.

Ngozi kavu inayopasuka na kuwasha

Makosa mengi niyaonayo yako hapa. Kipupwe cha nyanda za juu huja na upepo mkavu. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na Kitulo hupata sakitu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, huanza kuchachamaa Mei na kupata nafuu mvua zinaporudi. Kwa mtoto mchanga hukaa mashavuni na kwenye paji la uso. Kwa aliyekua, hukaa ndani ya kiwiko, nyuma ya goti na shingoni, ngozi ikiwa nene, kavu na yenye weusi. Mara nyingi kuna mtu katika ukoo mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Haiambukizi, na aliye nayo hana sababu ya kutengwa shuleni.

Tiba yake kuu ni mafuta, si dawa. Mwogeshe mara 1 kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, kwa dakika 5 hadi 10, bila dodoki wala sabuni ya kufulia, umkaushe kwa kumgusagusa na taulo, kisha umpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato angali na unyevunyevu. Rudia mafuta mara 2 au 3 mchana. Maji ya moto sana, ambayo kwenye baridi kila mtu huyapenda, hukausha ngozi kuliko upepo wenyewe. Sweta la sufu lisiguse ngozi moja kwa moja. Mvalishe fulana ya pamba ndani.

Pale mafuta yasipotosha, mtaalamu hutoa krimu ya steroidi, dawa inayotuliza uvimbe na kuwasha kwa ngozi, yenye nguvu ndogo kwa siku chache. Ikitumika hivyo ni dawa nzuri, na hofu ya kuikataa kabisa humwacha mtoto akiteseka bure. Tatizo ni tyubu zenye mchanganyiko wa steroidi kali, antibiotiki na dawa ya fangasi, ambazo hununuliwa bila cheti na kupakwa usoni kwa miezi. Hupunguza kuwasha kwa siku 3, mzazi anafurahi, kisha ngozi inakuwa nyembamba, inachubuka, na kama chanzo kilikuwa fangasi, fangasi inaendelea kuenea ikiwa imefichwa. Steroidi kali zikitumika muda mrefu kwa mtoto hupenya hadi kwenye damu na kuathiri ukuaji wake. Krimu za kung'arisha ngozi zisiguse mtoto hata kidogo.

Harara kwenye baridi

Wengi hudhani vipele vya joto ni vya Kyela na Mbarali peke yake. Mwezi Julai, Njombe, si ajabu kumfungua mtoto kliniki na kukuta kofia, blanketi, masweta mawili na fulana, halafu chini yake shingo iliyolowa jasho na vipele vidogo vya saizi moja vilivyojaa kwenye mikunjo, kifuani na mgongoni. Hiyo ni harara. Kumkinga mtoto na baridi ni sahihi, lakini kipimo ni nguo moja zaidi ya anayovaa mtu mzima aliyetulia katika chumba hicho, na ukiingiza mkono mgongoni kwake ukakuta jasho, punguza. Harara huondoka kwa siku chache ngozi ikikaa kavu. Mafuta mazito juu yake huziba vinyweleo na kuiongeza, na poda nyingi huingia kifuani mtoto anapovuta pumzi.

Eneo la nepi

Wekundu au weusi ulio juu ya matako na mapaja lakini mikunjo ya kinena imebaki salama hutokana na mkojo na kinyesi kukaa muda mrefu kwenye ngozi. Badilisha nepi mara kwa mara, osha kwa maji, mwache wazi kila siku kwa muda, na paka mafuta ya zinki au ya mgando. Ikiwa mikunjo ndiyo iliyoathirika zaidi na pembeni kuna vipele vidogo vilivyojitenga, hiyo ni fangasi na inahitaji dawa yake. Mwangalie pia mdomoni kama kuna utando mweupe. Rungwe, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, nepi za kitambaa huvalishwa zikiwa na unyevu, na pasi ya moto husaidia mara mbili: hukausha, na huua mayai ya inzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa chini au kwenye majani. Funza wa inzi huyo huingia kwenye ngozi na kutengeneza uvimbe unaofanana na jipu lakini wenye tundu katikati.

Vidonda vyenye gamba, na mapunye

Vidonda vinavyoanza kama malengelenge madogo kuzunguka pua na mdomo, vikapasuka na kuweka gamba la rangi ya asali, ni vya bakteria. Huambukiza kwa taulo na mikono. Vikiwa vichache huoshwa kwa maji na sabuni na kupakwa dawa anayoelekeza mtoa huduma, lakini vikienea au mtoto akipata homa anahitaji antibiotiki ya kumeza. Wiki 1 hadi 6 baada ya vidonda vya namna hii au upele uliotunga usaha, mzazi aangalie mkojo. Ukiwa na rangi ya chai na uso wa mtoto umevimba asubuhi, figo zimeathirika na aende hospitali siku hiyohiyo.

Mapunye ni mabaka kichwani yenye magamba na nywele zilizokatika. Husambaa kwa mashine za kunyolea zisizosafishwa, kofia na vitana. Krimu peke yake haiyaponyi, kwa kuwa fangasi iko ndani ya shina la nywele. Huhitajika dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Wakati mwingine baka huvimba, likawa laini na kutoa usaha. Lisipasuliwe kama jipu, kwani kovu litazuia nywele kuota tena.

Mabaka meupe

Baka lililopauka shavuni kwa mtoto wa shule, lenye magamba madogo na kingo zisizo wazi, karibu kila mara husemwa ni minyoo. Si minyoo. Ni ngozi kavu iliyowahi kuvimba kidogo, na hurudi rangi yake taratibu kwa mafuta ya mgando. La kutilia maanani ni baka lililopoteza hisia. Mguse kwa ncha ya pamba huku amefumba macho, kwanza kwenye ngozi nzima, kisha ndani ya baka. Asipohisi ndani ya baka, apelekwe kuchunguzwa ukoma, ambao unatibika kabisa na dawa zake hutolewa bure.

Mtoto mchanga

Siku chache baada ya kuzaliwa, watoto wengi hupata madoa yenye kipele kidogo katikati yanayohamahama na kuisha ndani ya wiki 1 au 2, na vichembe vyeupe puani ambavyo havihitaji kukamuliwa. Usaha ni habari nyingine. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye vipele vya usaha, wekundu kuzunguka kitovu, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili uliopoa chini ya nyuzi 35.5, hana ugonjwa wa kutibiwa nyumbani hata kwa usiku mmoja.

Vipele baada ya dawa

Vipele vinavyotokea siku chache hadi wiki kadhaa baada ya kuanza dawa mpya, hasa dawa zenye salfa kama septrini, au dawa za kifafa, vitazamwe kwa uzito. Mdomo, macho au sehemu za siri zikipata vidonda, au ngozi ikianza kuchubuka, simamisha dawa hiyo na uende hospitali mara moja ukiwa na pakiti yake mkononi. Mtoto akishapona, jina la dawa hiyo liandikwe kwenye kadi yake ili asipewe tena maishani.

Visivyoisha

Ngozi inayobanduka kama rangi ya ukuta mkongwe, pamoja na miguu iliyovimba na nywele zilizopauka, ni utapiamlo mkali. Huonekana hata kwenye nyumba yenye ghala lililojaa mahindi na viazi, kwa sababu mtoto amekuwa akila uji mtupu. Huyu anahitaji kulazwa au kuingizwa kwenye mpango wa lishe tiba, si krimu.

Vipele vinavyowasha vya miezi kadhaa, fangasi ya mdomoni inayorudi, mkanda wa jeshi kwa mtoto mdogo, au upele wenye magamba mazito ni sababu ya kupima VVU. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi nchini, na mtoto anayeanza dawa mapema hukua na kusoma kama wenzake. Kipimo hiki kiombwe bila aibu, na mama asihukumiwe kwa kukiomba.

Unapokwenda kituoni

Piga picha ya vipele siku ya kwanza kwenye mwanga wa mchana, kwa kuwa sura yake hubadilika kabla hujafika. Usimpake dawa ya zambarau, majivu, dawa ya meno wala mafuta ya mitishamba asubuhi ya safari, kwani hufunika ngozi yenyewe. Beba kadi ya kliniki na kila dawa iliyotumika, pamoja na ile ambayo unaona haya kuitaja. Huduma kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali hazilipiwi kisera, kwa hiyo kukosa fedha kusichelewesha safari. Zahanati ikishindwa, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kutoka hapo wataalamu wanaweza kumwelekeza Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ikiwa unashuku surua, tetekuwanga au Mpox, mwambie mhudumu ukiwa bado mlangoni, ili mtoto wako asikalishwe kwenye benchi moja na vichanga waliokuja kupimwa uzito.